Mimi ndo niliyetangaza boti imezama, na haikuzama

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, nauza dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, yani pale boti zinaposhushia samaki kando ya Ziwa Tanganyika, kazi nimeirithi kwa mama yangu na binti yangu akiitaka nitamwachia. Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano wa mabloga na watu wa mitandao ya kijamii, ulifanyika hapahapa mjini kwetu siku mbili, na tangu nimetoka pale kuna kitu kimenikaa kifuani, nimekiongea na mume wangu, nimekiongea na wenzangu tukiwa tunageuza dagaa kwenye vichanja, naona bado hakijaisha, basi nimeona nikilete kwenu maana gazeti lenu linasomwa na hao hao mabloga na linasomwa pia na wakubwa wanaoandaa hii mikutano.

Kwanza nieleze nilifikaje huko. Mimi nina blogu. Ilianza kama grupu la WhatsApp la wateja wangu wa Kahama, Dodoma na Dar, kila asubuhi nikitoka mwaloni naandika usiku wa jana ulikuwaje, ni giza la siku ya ngapi (giza ni siku zisizo na mbalamwezi, ndo dagaa wanavuliwa), boti zimerudi na nini, ndoo ya dagaa mbichi inauzwaje, kavu kilo inaendaje, upepo ukoje. Watu wakawa wanaongezana wenyewe kwa wenyewe mpaka grupu likajaa, maana enzi hizo WhatsApp ilikuwa inaishia watu 256, mpaka mwaka 2022 ndo wakaongeza, kwahiyo nikafungua grupu la pili, alafu binti yangu akaniambia mama hizi meseji zinapotea, mtu akiuliza bei ya mwaka jana mwezi kama huu huna pa kumwonyesha, akanifungulia blogu ya bure pamoja na pеji ya Facebook. Toka hapo naandika kote. Sijui mbwembwe za kuediti video, mi naandika tu. Lakini wavuvi wananijua, madalali wananijua, wenye malori wananijua, na kuna mteja wangu wa Tunduma hajawahi kuniona kwa macho na anatuma hela kwa kusoma nilichoandika asubuhi. Hapo ndo naomba ukumbuke, Mhariri, anatuma hela kwa neno langu.

Basi binti akaona tangazo la mkutano akanijaza jina, nikaenda.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na vijana wa blogu za habari wa hapa Mwanga na Ujiji, kulikuwa na mwalimu mmoja katoka Kasulu, binti katoka Uvinza anaandika habari za wachemsha chumvi wa kule, dogo wa bodaboda ana TikTok anaonyesha barabara za Kibondo, nesi anayefundisha kina mama kunyonyesha kupitia klipu fupifupi, yani watu wa maana kabisa, nilifurahi kwakweli, nilikuwa nadhani nitakuta watoto wa kucheza muziki tu. Wasemaji wengi walitoka Dar. Mmoja akatupitisha historia, akatuambia jinsi Ndesanjo Macha alivyoanza kuandika blogu kwa Kiswahili wakati watu wengi hata neno lenyewe hawalijui, akaja Michuzi na picha zake mwaka 2005, ikaja JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, mwaka 2006, alafu akafika mwaka 2018 zilipotoka zile kanuni za maudhui mtandaoni, leseni ya mwaka ikawa milioni moja na maombi laki moja pembeni, JamiiForums wenyewe wakazima kwa muda mwezi Juni mwaka ule, na mabloga wadogo wengi wakaacha. Akasema mwaka 2022 ada ikashushwa mpaka laki tano. Nikawa napiga hesabu kichwani, milioni moja kwa mtu wa mwaloni ni mtaji, ni gunia ngapi za dagaa, nikaelewa kwanini blogu za mikoani zilizimika kama taa za karabai mafuta yakiisha. Hiyo mada ilikuwa nzuri, ningetamani iendelee.

Baada ya hapo siku nzima iliyobaki ikawa ni wafuasi. Namna ya kupata wafuasi, namna ya kutrendi, saa ya kuposti, sekunde tatu za kwanza za video uweke nini mtu asipite, kichwa cha habari ukiandikeje mtu ashindwe kuvumilia afungue. Kijana aliyefundisha anaijua kazi yake, simlaumu, na mimi nimejifunza, picha zangu nilikuwa nazipiga jua likiwa nyuma ya dagaa zinatoka nyeusi. Ila nilivyokaa pale nasikiliza kichwa cha habari kisichovumilika nikaanza kuhisi vibaya tumboni, maana mimi nina kitu nilikifanya ambacho sikuwahi kukisema mbele za watu.

Mchana tukala kuku wa kisasa. Dirishani unaliona ziwa. Mwakani jamani mtupe migebuka, samaki wa ziwa letu.

Siku ya pili mada ya asubuhi iliandikwa uaminifu mtandaoni, wakaomba maswali, nikanyoosha mkono. Nilitaka kuuliza swali dogo nikajikuta nasimulia yote, na hapa nitasimulia tena.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2023. Mnaojua ziwa letu mnajua miezi hiyo kusi linavyovuma, asubuhi unaona maji yametulia kufika saa nne mawimbi yanapanda juu ya mchanga. Alfajiri ile nilikuwepo mwaloni, nikaiona kwa macho yangu boti ya abiria inaondoka Kibirizi kuelekea kaskazini, ile inayopita Mwamgongo mpaka Kagunga, imejaa, ina wanafunzi wanarudi nyumbani, ina magodoro, ina kuku. Upepo ukaanza. Kama saa nne na nusu ikaingia meseji kwenye simu yangu, ina ile mishale miwili juu, inasema boti iliyotoka Kibirizi leo asubuhi imezama watu wengi hawajulikani walipo, na picha chini yake, watu wako majini wamevaa maboya ya rangi ya chungwa wanashikilia ubavu wa boti.

Mimi sikutunga ile meseji. Lakini nilichofanya ni kibaya kuliko. Niliituma kwenye magrupu yangu yote mawili na kwenye pеji, na juu yake nikaongeza maneno yangu mwenyewe, nikaandika ni kweli jamani, boti nimeiona ikiondoka na upepo ni mkali sana, tuombe. Umeona Mhariri. Boti kweli niliiona. Upepo kweli ulikuwepo. Nikachukua vitu viwili nilivyovijua nikavibandika juu ya kitu nisichokijua, na kwasababu ni mimi, mama wa bei, ambaye kila asubuhi akisema ndoo ni kiasi fulani unafika mwaloni unakuta ni hivyohivyo, watu wote wakaamini. Wale waliokuwa wanaiona ile meseji kwenye magrupu mengine na kusita wakasema kama na yule mama kasema basi ni kweli.

Kule vijiji vya kaskazini mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Watu wakapiga simu za waliokuwa ndani ya boti, hazipatikani. Wakapiga za manahodha, hazipatikani. Kila simu isiyopatikana ikawa ni ushahidi. Kuna mama mmoja ana kijana wake wa kidato cha nne alikuwa mle, alianguka, akapelekwa zahanati. Kufika saa nane kwenye ile nyumba turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, sufuria za kuazima zimefika, na kaka yake yule mama aliyeko Tabora kakopa nauli kapanda treni kuja kuzika.

Boti haikuzama. Nahodha aliona mawimbi yamezidi akaisogeza pembeni kwenye ufukwe wa kijiji kimoja wakashuka wote wakasubiri upepo upungue, wakalala pale, kesho yake asubuhi kijana akaingia nyumbani kwao na begi lake akakuta watu wamekaa msibani, msiba wake.

Yule nahodha alifanya kazi yake vizuri kuliko watu wote siku ile na hakuna hata mtu mmoja aliyemwandika.

Na mimi? Jioni ile habari ilipoanza kufika kwamba wako salama nilifuta. Nikafuta grupu la kwanza, nikafuta la pili, nikafuta pеji. Sikuandika neno lolote. Kesho yake asubuhi nikaandika bei ya dagaa kama kawaida. Kuna waliokuja kuniuliza mwaloni nikawajibu na mimi nililetewa tu. Meseji yenyewe iliendelea kutembea siku mbili zaidi ikiwa na maneno yangu yale yale ya tuombe, maana mtu akishaikopi wewe kufuta kwako hakumgusi.

Hayo ndo niliyoyasema ukumbini. Kukawa kimya. Alafu nikauliza, sasa mtu kama mimi anatakiwa afanye nini.

Wa kwanza kunijibu alikuwa kijana mmoja, akasema mama usijiumize, hiyo ya kuhakiki ni kazi ya waandishi wa habari waliosomea, sisi ni watu wa kontenti tu. Wakapiga makofi baadhi. Mimi sikubaliani naye na naomba nimjibu hapa kwasababu pale nilikuwa nalia sikuweza. Mwanangu, mtu aliyeko vijiji vya mbali kama Kalya au Sibwesa gazeti halimfikii. Redio anaisikia ikishika. Kinachomfikia kila siku ni simu ya jirani yake ina WhatsApp. Kwahiyo kwa yule mtu gazeti ni wewe. Ulisomea au hukusomea yeye hajui na hana namna ya kujua, anachojua ni kwamba jana ulisema kitu kikawa. Huwezi kula imani ya watu siku ya kupata wafuasi alafu siku ya kukosea useme mimi ni wa kontenti tu.

Aliyenisaidia ni yule mwalimu wa Kasulu. Ana blogu ya habari za shule, matokeo, tarehe za kufungua, mambo ya wazazi. Akaniambia mama, ulipofuta ulijisafisha wewe, aliyesoma alibaki nayo. Akasema yeye aliwahi kukosea tarehe, watoto wakasafiri siku si zao, toka hapo ana utaratibu wake. Habari iliyokosewa haifuti. Anaandika juu yake kabisa, kabla ya kitu chochote, neno masahihisho na tarehe, nini nilisema, ukweli ni upi, nimejuaje. Alafu anatuma yale masahihisho kila mahali alipotuma kosa, grupu kwa grupu, hata kama ni aibu, na anawaomba waliosambaza wasambaze na hili. Akatuonyesha pia ile mishale miwili maana yake nini, kwamba meseji imeshapita mikono mingi kabla haijakufikia, na kwamba WhatsApp wenyewe mwaka 2019 walipunguza kuforwadi isizidi sehemu tano kwa mara moja, na mwaka 2020 ile yenye mishale miwili wakaibana ikawa inatumwa sehemu moja moja, kwasababu ya uongo uliokuwa unasambaa, mwingine mpaka uliua watu nchi za wenzetu. Mimi mishale ile nimeiona miaka yote nilidhani ni urembo. Kumbe ni kama ile alama ya hatari ya umeme, imewekwa pale kwa ajili yangu.

Alafu akanifundisha kutafuta picha kwa picha. Unaichukua picha unaiweka kwenye Google, inakuonyesha kama iliwahi kutokea sehemu nyingine. Ile picha ya boti nilikuwa bado ninayo kwenye simu, sijui kwanini sikuwahi kuifuta, tukaiweka palepale mimi na yeye, haikuchukua hata dakika moja. Ilikuwa ni bahari ya mbali huko kwa wazungu, miaka mingi nyuma. Dakika moja Mhariri. Siku ile nilikuwa nayo hiyo dakika moja, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nakunywa chai.

Sasa kilichoniuma mpaka nikaandika barua ni hiki. Mazungumzo yale yalikuwa yameanza kunoga, yule binti wa Uvinza alikuwa ameanza kusimulia la kwake, nesi naye kanyoosha mkono, msimamizi akaangalia saa akasema muda umeisha tunaenda kwenye mada ya kutengeneza pesa. Uaminifu ulipewa dakika arobaini. Wafuasi na pesa walipewa siku moja na nusu. Nawaheshimu waandaaji, wamejitolea, ukumbi umelipiwa, wametuleta pamoja watu ambao tusingejuana, lakini hiyo ratiba mliipanga kinyume.

Mimi ni mtu wa mzani. Pale mwaloni watu wa vipimo wanakuja wanakagua mizani yetu wanabandika stika, mzani ukiwa unaiba unachukuliwa na unapigwa faini mbele ya wateja wako. Hata wasipokuja, sisi wenyewe tunajuana, mwenye mzani wa uongo anajulikana na madalali wanamkwepa. Anayeandikia watu elfu kumi mzani wake anakagua nani? Siombi serikali ije na stika zake, sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015 na inasema kusambaza kwa makusudi habari unayojua ni ya uongo ni kosa, mimi siku ile wala sikuifikiria, sheria haikunizuia. Kitu ambacho kingenizuia ni wenzangu. Ningekuwa najua kuna mwalimu wa Kasulu anayeandika masahihisho bila kuona aibu, ningekuwa nimeshaona mtu mzima anakosea anasema nimekosea na wateja hawamkimbii, ningeandika jioni ileile. Nilifuta kimya kimya kwasababu sijawahi kuona mtu anafanya vingine.

Na kuna upande wa pili ambao pale ukumbini sikupata nafasi ya kuusema. Baada ya ile boti niliogopa. Mwaka uliofuata, 2024, ziwa lilipumzishwa, tukakaa toka Mei 15 mpaka Agosti 15 bila uvuvi, miezi mitatu, mnakumbuka ilivyokuwa ngumu. Katikati pale ikaja barua kwenye magrupu, ina muhuri, inasema ziwa linafunguliwa mapema. Mimi niliiangalia nikaona haijakaa sawa, tarehe ya juu na ya chini hazifanani, na afisa uvuvi tunayemjua alikuwa hajatuambia kitu. Nilijua. Nikanyamaza. Nikasema safari hii siposti chochote kisije kunirudia. Mteja wangu wa Kahama akaiona ile barua kwingine, akaniangalia mimi sijasema kitu, akadhani nimelala tu, akamtumia mtu hela ya oda ya dagaa ambao hawakuwepo ziwani wala ghalani. Ile hela hakuipata mpaka leo. Kwahiyo siku niliyosema, uongo ulipita kwa mdomo wangu, na siku niliyonyamaza ulipita pembeni yangu mimi nautazama. Hii nayo wangetufundisha. Yani mtu akiwa ameona kitu si kweli aandikeje, aseme mimi nimeona hivi na hivi, afisa kasema hivi, hiki sijathibitisha. Ni maneno machache tu. Hakuna aliyetuambia kwamba inaruhusiwa kuandika bado sijathibitisha, tunadhani ukiandika hivyo unaonekana hujui kazi.

Niseme na lingine kwenu nyie wa magazeti maana na nyie mna mzani. Picha zangu za vichanja nimezikuta kwenye gazeti moja, silitaji, chini imeandikwa picha kwa hisani ya mtandao. Mtandao hauamki saa kumi alfajiri kushuka mwaloni. Na ile picha kumbe kuna tapeli kaitoa hapo gazetini kaiweka kwenye tangazo lake Dar anauza dagaa wa Mwanza anawaita wa Kigoma, watu wananunua kwa bei ya Kigoma wanapata mchanga mdomoni, alafu mmoja wao alipoitafuta picha akafika kwenye blogu yangu akanitukana mimi. Dagaa wa Mwanza sio wabaya, ni samaki wengine wa ziwa lingine wana soko lao, ila kila mmoja auzwe kwa jina lake. Mngeandika picha imepigwa na nani na wapi, yule mama angenipigia kuuliza kabla ya kununua. Mtu wa Kigoma kuandikwa jina chini ya picha yake sio sifa anatafuta, ni njia ya msomaji kujua amuulize nani.

Maombi yangu kwa waandaaji wa mkutano, kama mnasoma hapa. La kwanza, msiufanye siku za giza. Siku za giza ndo watu wa ziwa wako kazini, usiku mzima wako majini na taa zao za sola na asubuhi wamelala au wako kwenye vichanja, ndo maana mlikuwa na mtu mmoja tu wa mwaloni mjini kwetu penye mwalo kila upande. Angalieni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa boti zinapumzika, wekeni siku hizo, mtapata manahodha, mtapata wenye vyombo vya uvuvi, mtapata kina mama wa Katonga na Ujiji, hao wote wana simu na wote wanaforwadi. La pili, mwalimu wa Kasulu mpeni siku nzima, na kila mtu aje na kosa lake moja alilowahi kuposti, alisimulie kama nilivyosimulia mimi, tujifunze kulisahihisha palepale kwa mikono yetu na simu zetu. Hata wale wenye wafuasi wengi kutoka Dar. Hasa wao.

Nilivyorudi nyumbani jioni ya siku ya pili sikuweza kulala. Nikamwamsha binti, tukafungua blogu. Ile habari nilishaifuta kwahiyo hatukuwa na pa kuandika juu yake, tukaanza mpya, nikaandika neno masahihisho, nikaandika mwezi na mwaka niliposema boti imezama, nikaandika haikuzama, nahodha aliisogeza pembeni watu wote wakafika salama, picha haikuwa ya kwetu, maneno ya ni kweli jamani yalikuwa yangu na sikuwa nimehakiki chochote. Nikaituma magrupu yote mawili na pеji. Ilikuwa saa sita usiku. Nikazima simu kwasababu niliogopa.

Asubuhi nilivyowasha watu watatu walikuwa wametoka kwenye grupu. Mteja wa Tunduma kaandika bei ya leo mama. Na kulikuwa na namba siijui imepiga mara nne, nikaipigia, ni yule mama. Tangu ile siku hatukuwahi kuongea, nilikuwa nikimuona mwaloni anashuka kwenye boti napita upande mwingine. Hakuniambia nimekusamehe, wala hakunigombeza. Alisema kijana yuko chuo sasa hivi, kamtumia ile meseji yangu, na akaniomba niandike na jina la kijiji ambacho nahodha alisogeza boti, kwasababu watu wa pale waliwapikia abiria wote uji asubuhi na hakuna aliyewahi kuwashukuru. Sikulijua hilo la uji. Nimemwambia nitaenda mwenyewe kuuliza kwanza, niongee na nahodha na wenye nyumba zile, ndo niandike. Naondoka na boti ya kesho upepo ukiwa umetulia.

Mhariri, najua nafasi ni ndogo na barua ni ndefu. Mkitaka kupunguza punguzeni ya kuku na ya migebuka, punguzeni hata ya picha zangu. Ya boti naomba muiache kama ilivyo.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma